Sitini na Tano Iliyosomwa Sabini

Songea, bomani

Kwa mke wangu Mwanaisha, huko Lindi,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nyumba yote. Je, mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa? Na Salum wetu ameshaota meno ya mbele? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na leo nitakueleza sababu, maana nikizidi kunyamaza nitapasuka.

Unajua kazi yangu hapa ni kuitunza ile pikipiki ya Bwana. Ni kuukuu, aliachiwa na Mzungu mwenzake aliyerudi kwao, na mipira yake ilikuwa imekwisha kabisa. Pikipiki mpya zina mipira minene, hii ya zamani haiikubali. Basi ilinibidi nitafute kipimo chake hasa, na namba ya ubavuni ilikuwa imefutika. Nilipaka unga wa muhogo, nikapangusa polepole kwa kidole mpaka namba ikajitokeza: upana sitini na tano. Duara lake mwenye duka analijua, kwa hiyo niliandika upana tu kwenye kile kikaratasi nilichokuletea. Namba za Kizungu nazisoma, ila mkono wangu huandika za Kiarabu, kama Mjomba Faraji alivyonifundisha kwenye chuo cha Kurani. Nikakuagiza uende dukani na Mjomba.

Mipira imefika wiki iliyopita, imefungwa kwenye gunia. Siku ya tatu nikavisha gurudumu la mbele, Bwana amesimama pale pale anatazama. Likazunguka nusu, likakwama kwenye chuma. Kutazama ubavuni, namba ni sabini. Bwana alinitukana mbele ya askari, akasema kama mvua zikianza pikipiki haijatembea, nirudi kwetu kwa miguu. Sasa nimejaza majani makavu ndani ya mipira ya zamani na kuifunga kwa ngozi. Akiipanda inamtikisa hadi masharubu, na hilo peke yake ndilo lililonichekesha wiki hii.

Lakini matusi ya Bwana si kitu. Nilikaa nikaitazama ile sabini. Mjomba hawezi kukosea hivyo, ni mtu aliyenichapa bakora kwa namba hizo hizo. Sita yetu ya Kiarabu, kwa macho ya mtu aliyesoma shule ya Serikali tu, ni saba. Na tano yetu, kile kiduara, kwake ni sifuri. Kwa hiyo aliyesoma kikaratasi changu si Mjomba. Nikamwendea mnyapara wa wapagazi walioleta mzigo, nikamuuliza nani alikuwa na mke wangu dukani.

Akanijibu, “Karani wa forodha. Yeye anasoma, mama anaitikia, wanacheka.”

Mwanaisha, mlikuwa mnacheka nini? Namba ya mpira ina kichekesho gani?

Na barua yako iliyokuja na mzigo nimeitoa tena. Ina herufi za Kizungu zenye mikia iliyopindwapindwa, na imeanza na “Kipenzi changu”. Tangu tuoane unaniita Baba Salum, hata siku ya kuagana uliniita hivyo. Neno lile nililisoma nikafurahi siku mbili nzima, nikawa nafanya kazi huku naimba. Sasa limenigeukia. Sijui ni lako ulilolitoa moyoni, au ni lake alilokutilia mdomoni wakati mmekaa mkeka mmoja. Namwonea wivu mtu huyu, sifichi. Namwonea wivu kwa kuwa anaisikia sauti yako, na mimi nasikia mnyapara.

Mama mwenye nyumba ninayolala, Mngoni, mjane wa vita vya Majimaji, aliniona sili. Kwa kawaida hanisemeshi, kwa sababu nafanya kazi bomani, na simlaumu. Akaniuliza, nikamweleza yote.

Akasema, “Mwanangu, mkeo yu hai na unamwandikia. Mimi wangu nimwandikie wapi?”

Nikaona haya. Nikala ugali wake, nikamshukuru. Wivu ulikuwapo bado nilipomaliza kula.

Kwa hiyo fanya mambo mawili. Rudisha mipira ile, uchukue ya upana wa sitini na tano. Safari hii nimeandika kwa maneno ili asiwepo wa kubahatisha. La pili, jibu la barua hii aliandike Mjomba. Sitaki maneno matamu. Niambie tu lile neno lilikuwa la nani. Likiwa lako, nitavumilia Songea mwaka mwingine.

Mfikishie Mjomba shikamoo yangu. Msalimie mama mkwe, na dada yako anayesuka mikeka, na jirani yetu muuza samaki. Salum mbusu kwenye utosi.

Barua zangu zote nimezoea kuandika kwa herufi za Kiarabu. Hii nimeiandika kwa za Kizungu makusudi, nikijua nani ataitwa kuisoma. Basi wewe karani, nimemaliza. Mpe karatasi yake mkononi, chukua kofia yako, uende kwenu.

Mimi mume wake,
Hamisi