Aliyepungua ni Mdudu

Nyumba ya kona, nyuma ya karakana
Jumanne, 12 Machi

Mpendwa mwanangu,

Pokea salamu zangu, mimi shangazi yako. U hali gani? Mkeo hajambo? Na kile kikohozi cha mtoto kimetulia? Sisi huku tu wazima, na safari hii neno hilo siliandiki kwa mazoea tu.

Najua barua yangu iliyopita ilikunyima usingizi. Nilikueleza kwamba kama picha mpya ya mapafu ya baba yako ingeonyesha kuwa dawa haifanyi kazi, sindano zingesimamishwa, nawe ungepaswa kuja upesi kumuaga. Majibu tumeyapata jana. Tulia usome.

Dawa yenyewe haitishi kwa sura: ni majimaji yasiyo na rangi, yanayoingia mshipani tone kwa tone kila baada ya wiki tatu. Lakini ikishaingia, kaka yangu hulala kutwa, chakula hakitaki, na chai, asema, ina ladha ya misumari. Seremala aliyebana misumari midomoni maisha yake yote hawezi kukosea ladha hiyo.

Vidonge vya vitamini, ambavyo lazima ameze ili dawa isimdhuru kupita kiasi, havikosi. Mimi husimama mlangoni mpaka vishuke. Siku hizi ananiita Mnyapara.

Basi jana tuliketi mbele ya daktari, binti wa umri wako. Aliitazama picha, akatabasamu, akasema, "Amepungua! Tena sana, karibu nusu."

Nilimtazama kaka yangu, shati likimning'inia kama lililoanikwa, nikaona binti huyu hana adabu.

"Kupungua kwake tunakuona," nikamwambia. "Suruali zake nazibana mimi mwenyewe. Tuambie habari za uvimbe."

"Lakini mama, si ndio huo ninaousema? Mdudu! Mdudu ndiye aliyepungua."

Kumbe pale hospitalini wote wanauita uvimbe huo mdudu. Ualimu haujanitoka: nilitafuta kosa la kumsahihisha nisilione. Mdudu ni kiumbe, na kiumbe husemwa "amepungua". Kosa lake lilikuwa moja tu: aliacha kiima.

Baba yako alicheka mpaka akakohoa. "Dada, miaka yote umetuchapa kwa ajili ya sarufi. Leo imekuchapa wewe!"

Mimi sikucheka. Nililia, tena mbele ya watu, na sikujali.

Hajapona, daktari alitukariria hilo. Sindano zitaendelea, na picha itapigwa tena. Ila jana jioni baba yako aliingia karakanani kwa miguu yake mwenyewe, akamfokea fundi mwenzake kwa kuilaza randa makali chini, eti anayatia butu. Nilizima redio ili nimsikie vizuri akifoka.

Kwa hiyo usikatishe kazi yako. Likizo ikifika, njoo na mkeo na mtoto, mje kumtembelea baba, si kumuaga. Tena njooni na hamu ya kugombezwa, maana sauti imemrudia.

Mama yako mdogo anakusalimu sana, na binamu zako wote. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa rehema zake na kuwaepusha na kila shari.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye daima.