Dakika Moja Uliyoniomba, Dada

Mwaka umetimia, Dada, tangu ufariki, ukatuacha na filamu moja haijapigwa. Haikupigwa kwa sababu yangu. Naanza na hilo kwa kuwa wanaosoma tangazo hili la kumbukumbu wanalijua, na wewe hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Mteja mmoja alikuachia kalenda kuukuu yenye michoro kumi na miwili ya wachoraji maarufu wa kale. Ukaitundika juu ya cherehani, ukaitazama mwaka mzima huku unashona sare na mapazia. Kisha ukatangaza kwamba utaitengeneza upya yote, mchoro kwa mchoro, kwenye filamu, na watu wake tutakuwa sisi na majirani. Tukacheka.

Kumbe hukuwa na utani. Mavazi ya wakuu uliyashona kwa bitana na vitambaa vya makochi. Muuza nyama ulimvisha kola nyeupe, pana kama sinia, akauliza kama avute tumbo ndani. Ukamjibu, "Liache hapo hapo. Tumbo hilo ndilo lililonileta kwako." Mpaka leo anawasimulia wateja.

Ulitaka filamu, hukutaka picha ya kawaida. Ulisema mchoro haupumui, na wako lazima upumue. Basi simu inaegemezwa kwenye cherehani, watu wanatulia dakika moja bila kusema wala kusogea, hadi wewe useme, "Pumueni." Mtaa mzima ukakuita Mama Tulieni, nawe ukaitika.

Jumapili moja nilikuja kukurekebishia bawaba ya mlango. Nikamkuta Mama dirishani, kitambaa cheupe kichwani, anamimina maziwa kutoka kwenye jagi kama yule mwanamke wa kwenye kalenda. Ni Mama huyu huyu aliyenimiminia uji utoto wangu wote. Maziwa yalishuka kama uzi. Mwanga ulimkaa shavuni, nikaona jinsi alivyo mzuri, na nilikuwa sijawahi kuona. Nilijikuta nimevua kofia, katika nyumba ambayo nimezoea kuingia na viatu.

Siku hiyo ulisahau neno lako. Dakika ikapita, zikapita tano. Maziwa yalikwisha, Mama akabaki ameinamisha jagi tupu. Mwishowe akasema bila kugeuza shingo, "Wewe mtoto, umenisahau huku?" Ulikuwa nyuma ya simu umeziba mdomo kwa kiganja, machozi yanakutiririka. Baadaye ulikata yaliyozidi, ukabakisha dakika moja kama kwenye nyingine.

Mchoro wa mwisho ni wa watu watano wa shamba, wanakula viazi chini ya taa moja. Huo ulitaka niwemo. Nikakwambia nina mageti ya wateja ya kumaliza. Ukaishika mikono yangu hii, yenye makovu ya kuchomelea, ukasema, "Nyuso nitazipata kokote, mdogo wangu. Mikono kama hii sijui kuishona."

Nikajibu wiki ijayo.

Ukweli sikukuambia. Mara ya mwisho watu kunitazama nikiwa kimya ilikuwa darasani, mwalimu ananiuliza nisichokijua. Kesho yake sikurudi, na shule ikaishia hapo. Niliogopa ukinikalisha mbele ya simu utamwona mtoto yule yule.

Mara nne uliziba dirisha kwa mablanketi ili chumba kiwe giza mchana. Mara nne ukawasha taa, ukachemsha viazi, mkanisubiri. Mara nne mkavila tu, mkatungua mablanketi. Mara ya tano ulikuwa hospitali.

Jumapili iliyopita tuliipiga. Binti yako aligongomea mablanketi, tena kwa misumari yangu. Mumeo alichemsha viazi, vikapasuka, akasema hata kwenye mchoro havionekani vizuri sana. Mama alishika kikombe. Muuza nyama akakaa pembeni, safari hii bila kola. Mimi nikakaa uliponipangia na kuweka mikono mezani. Binti akabonyeza simu, akawahi kiti chake.

Tukatulia. Mvuke wa viazi ukapanda hadi kwenye taa. Nikaona binti yako anavyokaza taya kama wewe ukitunga uzi kwenye sindano. Watu ninaokula nao kila siku, Dada, nikawatazama kama watu waliotoka mbali kuja kunitembelea. Nao walinitazama, na sikuona aibu. Ndipo nilipojua ulikuwa unaona nini nyuma ya ile simu, na kwa nini siku ile ya Mama neno lilikukaukia mdomoni.

Tulifanya kosa moja. Tulipanga viazi, taa, misumari na viti, lakini hatukumpa mtu kazi ya kusema "Pumueni." Dakika ikaisha, hakuna aliyesogea. Kila mmoja wetu alilijua neno, na hakuna aliyethubutu kulitoa, maana lilikuwa lako. Viazi vikapoa. Chozi la muuza nyama likafika kidevuni, hakulifuta. Tukakaa, tukakaa. Mwishowe Mama akasema polepole, "Haya, wanangu. Pumueni."

Unakumbukwa na Mama, na mumeo, na binti yako, na muuza nyama ambaye sasa ni ndugu, na wote uliowahi kuwatuliza katika chumba kile cha cherehani, na mimi mdogo wako, fundi wa mageti. Hakuna siku itakayokuja tukiwa tumekusahau.

Filamu zako kumi na moja ni za dakika moja moja. Hii ya kumi na mbili ina dakika kumi na tisa, na hatukukata hata moja. Nimekaa kimya dakika kumi na tisa, Dada. Wewe uliniomba moja.