Bastola ya Mfukoni

Kaka Verlon,

Mama tumemzika Jumanne. Jirani yetu Bi Hatcher alileta pai ya tufaha, chumvi imezidi kama kawaida yake. Ndani ya kopo la unga nilikuta bastola ndogo, nikaipeleka kwa mzee Orville, anayenunua silaha kuukuu pale Corbin.

Alisoma namba kwenye mpini, akacheka. "Binti, hii ni ya zamani kuliko mimi. Nyundo inayogonga risasi imefichwa ndani isinase kwenye nguo. Unafyatua ikiwa bado mfukoni."

Nikaikumbuka aproni ya mama yenye kiraka mfukoni, aliyosema iliunguzwa na jiko.

Wewe hukuona. Baba alikuwa amekukaba shingo juu ya meza hadi ukazimia. Ulipozinduka ulikuwa umelowa damu yake, na mama akakuambia risasi iliyomuua iliingia kupitia dirishani. Sherifu naye aliambiwa hivyohivyo.

"Nakupa dola mia nne," Orville alisema. "Ukiwa na hadithi yake, mara mbili."

Nikamwambia haina hadithi.

Aproni nimekuwekea.

Dada yako,
Delphia