Maji Yanafika Wapi

Matombo,
Morogoro.
27 Aprili 2025

Mpendwa Shangazi Jesca,

Shikamoo. Natumaini wewe na watoto wako hamjambo huko kisiwani Naxos, na kwamba kile kikohozi ulichokilalamikia kimekuacha. Sisi tunaendelea kupona. Nimeandika kupona kwa sababu sitaki kuanza na uongo.

Najua umepiga simu ya baba siku nyingi bila kupokelewa. Simu hiyo imepasuliwa na panga. Nitakueleza kwa utaratibu, kama tunavyofundishwa, ingawa mambo yenyewe hayakwenda kwa utaratibu.

Kwanza, asante kwa mwaliko wa kuja kwenu likizo ya Julai. Picha ya ufukwe wenu niliichora kwenye daftari siku ileile uliyoituma, na chini yake nikaandika maneno yako: mchanga ni laini, pako kimya, familia zinakaa kutwa chini ya miti, na mtoto anatembea hatua hamsini maji bado yako magotini. Mdogo wangu Deogratias alianza kujifunza kuogelea juu ya mkeka. Alipiga mateke mpaka akapasua mtungi wa mama.

Kosa letu lilionekana dogo. Ulimwandikia baba, naye akasaini fomu za pasipoti, kama mnavyofanya kwenu Njombe, ambako baba ndiye msemaji wa mtoto. Hapa kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na msemaji wake ni mjomba. Hata nyumba yetu imejengwa kwenye ardhi ya ukoo wa mama. Baba anayajua hayo, ila alidhani safari ya likizo haihitaji ruhusa ya mtu. Mjomba Raphael, kaka yake mama, akaja kusikia habari zetu kwa muuza ndizi sokoni Mkuyuni.

Alifika Jumapili ya Matawi baada ya misa, bado ana tawi mkono mmoja na panga mkono wa pili. Baba alikuwa kwenye meza yake ya useremala, na zile fomu ziko hapo juu pamoja na simu. Mjomba hakusalimia. Alimuuliza ni nani aliyemwambia kwamba watoto hawa ni wa kutoa.

Baba akasema, "Shemeji, watoto nimewazaa mimi."

"Umewazaa," mjomba akamjibu. "Hukupewa uwapeleke majini."

Baba alicheka. Shangazi, nadhani kicheko kile ndicho kilichotuumiza. Panga lilishuka mezani likakata fomu na simu kwa pigo moja, likanasa kwenye mbao. Baba akampiga kwa nyundo ya mti begani, nikasikia mfupa ukilia. Mjomba akamgonga usoni kwa kichwa, jino likatoka, kisha akalichomoa panga. Mama alijitupa katikati yao. Alisukumwa akaangukia jiwe la kunolea, paji la uso likapasuka. Deogratias alimng'ata mjomba mguuni, naye akarushwa kama kuku. Panga liliposhuka tena baba alilizuia kwa mkono wa kushoto, na damu ikaruka mpaka kwenye gauni langu la kanisani.

Sasa nakuambia sehemu yangu. Nilikuwa mlangoni pa jiko, karibu nao, na nyuma yangu sufuria ya maharage inachemka. Niliiepua nikammwagia mjomba mgongoni. Hakuna aliyenituma. Alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, akaangusha panga, na ugomvi ukaishia hapo. Baba anasema nimemwokoa. Mimi bado nasikia ile sauti.

Baba na mjomba walilazwa kituo cha afya chumba kimoja, vitanda viwili vikitazamana. Baba ameshonwa mkono, na vidole viwili havikunjiki. Mama ana nyuzi saba. Mjomba alilala kifudifudi, bega limefungwa, mgongo umechubuka wote. Nilimpelekea uji kila asubuhi. Siku tatu aligeuzia uso ukutani. Siku ya nne alikunywa, akaniuliza kama ndimi niliyemwaga. Nikasema ndiyo, mjomba. Akasema nimemfuata bibi yangu, mama yake, naye hana mchezo.

Kisha akaniuliza, "Hayo maji ya shangazi yako yanafika wapi?" Nikamfungulia daftari, nikagusa goti langu. Akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Mto nao ulikuwa magotini asubuhi," alisema.

Labda hukupata kumfahamu binti yake, Eufrazia. Miaka sita iliyopita, Aprili kama hii, mjomba alimtuma ng'ambo ya mto kuchukua mbegu za tangawizi. Mvua ilinyesha huko juu milimani, hapa chini jua linawaka. Maji yalishuka na magogo na mawe. Walimpata siku ya pili, na aliyemtambua kwa shanga za mkononi ni mjomba. Nilikuwa nalijua jambo hilo, lakini sikuwahi kuliweka pamoja na safari yetu. Baba alikuwa macho kitanda cha pili. Hakucheka. Aliomba radhi kwa sauti ndogo, na mjomba akamwambia alale.

Shangazi, nakuomba jambo moja. Usimwandikie baba tena kabla hujamwandikia mjomba. Mwombe, maana ndiye wa kuombwa. Usimwambie ni pazuri. Mwambie maji yako wapi hatua ya kumi, hatua ya hamsini, hatua ya mia, na nani anakaa kututazama. Kama kuna mahali pa hatari, pataje pia. Fomu nyingine tutapata, ila hatutazijaza kabla jibu la mjomba halijatoka.

Mama anakusalimu sana, na bibi, na Deogratias, ambaye sasa anaogelea kitandani kwa sababu mkeka umefichwa. Wabusu watoto wako. Mungu akutunze wewe na wote wanaoingia majini huko.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekukumbuka kila siku,
Judith

N.B. Mjomba amenitaka nimsomee barua yote kabla sijaifunga. Nimeisoma, hata pale pa maharage. Amesema nikuongezee swali lake: huko kwenu mvua ikinyesha milimani, inachukua muda gani kufika hapo wanapocheza watoto?