Kwa Mama Rayna, Aliyeongoza Ngoma kwa Mguu Mfupi

Mama, mwaka umeisha tangu utoke hapa kwenda kupasuliwa nyonga, na ndala mpya kwenye mfuko, ukatuambia, "Nikirudi nitawakimbiza wote." Hukurudi. Karatasi hii tumeibandika getini kwetu, na nyingine kwenye mlango wa hospitali. Wakiichana tutabandika tena. Gundi ipo.

Daktari wa kwanza alikueleza vizuri: nyonga yako ilikulia nje ya kikombe chake tangu utotoni, na mfupa wa paja ni mwembamba kama wa mtoto. Chuma cha kawaida cha nyonga bandia hakitaingia, usubiri chuma kidogo kitakachotengenezwa kwa kipimo chako. Wa pili hakutaka kusubiri. "Mama wee, nimeshafanya mamia, kitaingia tu!" Akakigongomea hicho cha kawaida. Mfupa ukapasuka, wewe ukalala kitandani bila kuinuka, donge la damu likapanda mapafuni. Sisi akatuambia, "Mifupa yake ilikuwa ya ajabu." Ya ajabu! Na picha ya eksirei alikuwa nayo mkononi!

Ulikuwa fundi cherehani mwenye utani. Ulimshonea Baba suruali ya mguu mmoja mfupi, ukasema, "Sasa tumekuwa sare." Harusini ulishika kitambaa ukaongoza ngoma, na mstari mzima ukachechemea nyuma yako. Wageni walidhani ndivyo inavyochezwa.

Lakini hasira yetu haiishii hospitali. Bibi Gina, aliyekuzaa, ndiye aliyekukazia, ulipokuwa mchanga, mkanda wa kitambaa kiunoni hadi vidoleni, miguu imenyooka kama mshumaa, eti usiwe na matege. Hapa kila mtu alifunga watoto hivyo. Na binti yako Denitsa alipojifungua juzi, Bibi akatokea na mkanda uleule.

Kijana wako Kamen akaupokonya. "Bibi, huu ndio uliomharibia Mama nyonga!"

"Nyamaza! Hata chuo hukumaliza, utanifundisha kulea?"

"Chuo sikumaliza, ila Mama nimemzika."

Bibi akakaa chini. Akauchukua tena mkanda, akaukunjua mapajani, akaulaza, akauliza, "Mkasi wake uko wapi?" Akaukata mwenyewe, kwa mkasi wako wa kushonea, vipande vidogo vidogo. Sasa vinafungia miche ya nyanya kwenye vijiti bustanini.

Tunaokukumbuka, na bado hatujapoa: mumeo Stoyan, Denitsa, Kamen, mama yako Gina, na mjukuu mwenye jina lako, anayelala miguu wazi kama chura na kutupiga mateke usoni.

Hatutakusahau ng'o, Mama. Huyu atakimbia.