Kadi Uliyonirudishia

Baba yangu mpendwa,

Juzi kazini mwenzangu mmoja, Mtanzania, aliniuliza mgeni anayekuja Stockholm kwa mwezi mzima anahitaji pesa kiasi gani. Dada yake anakuja kutoka Mwanza na hataki aibu. Huku swali hilo kila mtu ana jibu lake tayari, nami nikaanza kumtajia: bima ya safari, nauli ya kutoka uwanja wa ndege, na apike nyumbani kwa sababu akila mkahawani atalia. Nilipofika kwenye kadi ya treni nikakatiza ghafla. Akadhani nimepaliwa na chai, akanipiga mgongoni. Sikumweleza kitu. Nimeona nikueleze wewe kwanza, na kwa kuwa wako wengi wanaokaribisha wazazi wao huku, nao wasome.

Unakumbuka safari yako ilivyoanza? Ilianzia kwenye simu, mwaka mmoja baada ya Mama kututoka. Siku hizo ukinyamaza niliogopa, kwa hiyo nilikuwa nakusimulia chochote kile. Nikakwambia katikati ya mji huu kuna mahali panaitwa Slussen, ambapo ziwa linaishia na bahari inaanza, na kati yake kuna milango ya kuzuia maji. Nikakwambia mji mzima unakunywa maji ya ziwa hilo kutoka bombani, bila kuchemsha. Wewe uliyesoma mita za maji Nakuru kwa miaka thelathini, mtaa kwa mtaa, kwa miguu, ukakaa wima. Nilisikia kiti kikilia.

"Chumvi haipandi ziwani?" ukaniuliza.

Nikasema sijui. Ukasema, "Mama, hilo ningependa kuliona kwa macho yangu." Uliniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako, na siku hiyo ulilivuta jina hilo kidogo. Tangu nizaliwe sikumbuki uliwahi kuniomba kitu kingine.

Basi nikaanza kukimbizana na makaratasi. Ubalozi ulitaka barua ya mwaliko, bima, na taarifa ya benki kuonyesha kwamba kila siku utakayokaa ina pesa yake. Kazi yangu unaijua, kuwahudumia wazee majumbani mwao. Nilichukua zamu za ziada, Jumamosi na Jumapili, nikiwaogesha baba za watu ili baba yangu aje. Nilikuwa nikiwaambia watu hivyo kwa kujisifu kabisa. Haikunijia akilini kwamba nilikuwa nauza Jumapili zilezile ambazo ningekutembeza, maana hata ulipofika deni la nauli yako lilikuwa halijaisha na zamu ziliendelea.

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hatujatoka uwanja wa ndege. Uliiona treni ya haraka iendayo mjini, inang'aa, ukaanza kuiendea na kijisanduku chako. Nikakushika mkono nikasema, "Hiyo tuwaachie wenye pesa, Baba." Tukapanda basi hadi Märsta, kutoka hapo treni ya kawaida, tukashuka, tukapanda basi lingine hadi Husby, na mzigo wako wa unga na majani ya chai ukiwa begani kwangu. Kila aliyeishi huku anaujua ujanja huo na huusimulia akicheka. Wewe hukucheka. Ulikuwa unasoma mita.

Siku ya pili nilikukuta umepiga magoti chini ya sinki la jikoni, na tochi ya simu mkononi. Ulikuwa unatafuta mita ya maji. Nilikueleza kwamba huku maji yamo ndani ya kodi ya nyumba, uoge mara moja au mara kumi hakuna atakayekuuliza. Uliniangalia kama unavyomwangalia mteja anayedai mita yake imeharibika yenyewe. Ukasema hakuna maji yasiyo na mita, ila kuna mita zilizofichwa vizuri, na mwezi mzima ukaoga kwa beseni. Neema, mjukuu wako, alikuwa na miaka minane wakati huo, akaona ni mchezo, naye akataka beseni. Nilicheka sana. Pale ndipo ilinipasa kuelewa.

Siku ya tatu nilikupa kadi. Naukumbuka mlango, naikumbuka mvua nyepesi, nakumbuka nilikuwa nimeinama nafunga kamba za viatu kwa sababu nimechelewa zamu. Nikasema, "Nimekuwekea pesa humu, Baba. Ukitaka kwenda popote, gusa tu pale langoni, litafunguka." Ukaigeuza kadi huku na huku. Ukaniuliza, "Na nisipotumia?" Hilo lilikuwa swali halisi, la mtu aliyekula mshahara wake kwa kuandika kiasi kilichotumika. Na mimi nikajibu nikiwa nje ya mlango, "Usijali, wewe tumia tu."

Kwetu pesa iliyowekwa kwenye kitu hupungua ukiitumia, na usipoitumia hubaki. Ndivyo zilivyo tokeni za stima, ndivyo lilivyo salio la simu. Mimi nilikuwa nimekununulia kadi ya mwezi, ambayo ukipanda treni mara mia au usipande kabisa, bei yake ni ileile. Maneno hayo yangechukua muda mfupi kuliko ule wa kufunga kamba za viatu.

Tuliitumia pamoja mara moja, kituo kimoja tu, kwenda Kista siku niliyopata mchana wa mapumziko. Mashine ililia, lango likafunguka, ukapita ukigeuka kuitazama. Tukanywa kahawa na mikate ya mdalasini. Uliniuliza bei, nami mjinga nikakutajia. Ulitulia, midomo ikicheza, kisha ukanijulisha kwamba tumekunywa karibu pakiti saba za unga. Nilikasirika, Baba. Nilisema usiwe unabadilisha kila krona kuwa shilingi, utashindwa kuishi. Ulitikisa kichwa kukubali. Kuanzia kesho yake ulitoka na chai yako kwenye chupa.

Nilikuwa nimekuletea ramani ya treni, ile ya karatasi, ukaibandika kando ya dirisha. Kila niliporudi jioni nilikuuliza umefika wapi leo. "Nimezunguka," ulisema, na ukinitajia kituo ulikitaja vizuri, hata nikafurahi kwamba mzee wangu ameuzoea mji. Siku moja Neema aliniambia kwa Kiswidi, kama anavyonijibu siku zote, "Morfar sitter på bänken hela dagen." Babu anakaa kwenye benchi kutwa nzima. Nikamwambia babu anapumzika kidogo, amezeeka, na yeye ale chakula chake.

Jumapili yako ya mwisho sikuwa na zamu. Tulikubaliana tutakwenda Slussen baada ya chakula cha mchana. Nikajilaza dakika chache, nikaamka saa kumi na mbili jioni. Ulikuwa umekaa sebuleni umevaa koti, viatu umevipaka rangi, kofia iko gotini. Hukuwa umeniamsha. Ulisema tu, "Ulikuwa umechoka," ukainuka kwenda kuvua koti. Huku mwezi wa sita saa hiyo jua bado liko juu kabisa, tungeweza kwenda na kurudi. Nilisema ngoja nipike kwanza, na tulipomaliza kula hakuna aliyelitaja tena.

Halafu uwanja wa ndege. Sanduku limeshakwenda, tumesimama karibu na pale wanapokaguliwa abiria, Neema amekushika mkono. Ukaingiza mkono mfuko wa ndani wa koti, ukatoa ile kadi, umeifunga kwenye leso. Uso wako ulikuwa na furaha ambayo sikuiona mwezi mzima. Ukasema, "Shika, mama. Nimeigusa siku mbili tu, ile ya Kista na ya leo. Zingine zote zimo. Nimekuwekea."

Hapo ilinipasa kuipokea. Ningesema asante Baba, ningekukumbatia, ungepanda ndege ukijua umeniachia kitu. Hakuna ambacho kingenipungukia. Lakini nilikuwa nimechoka, na ghafla niliziona zamu zote zile, na wewe kwenye benchi, na maneno yakanitoka.

"Baba, hii ni ya mwezi. Upande usipande, bei ni moja. Na inakufa Jumamosi. Umekuja Ulaya kukaa kwenye benchi?"

Uliitazama kadi, ukanitazama mimi. "Kumbe," ukasema.

Ukaikunja leso ukairudisha mfukoni, kadi ukaniachia mkononi. Ukamwinamia Neema ukambusu kichwani, ukaenda kwenye foleni. Ulipofika mwisho uligeuka ukapunga kofia, lakini nilijua unampungia yeye.

Wiki moja baadaye nilipita pale kwenye benchi lako. Alikuwapo mzee mmoja Mkongo, wa Lubumbashi, ambaye sikuwahi kujua kwamba mlikuwa marafiki. Akanisimamisha. "Baba yako alisharudia kwenu?" akaniuliza. "Ule muzee, kila siku alikuwa ananiuliza njia ya kufika ku ile mayi ya Slussen. Kila siku. Na njia alikuwa anaijua kunipita miye." Nikamuuliza kwa nini basi hakwenda. Akasema ulimwambia pesa ya kadi ni ya mtoto wako, na mtoto anaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu.

Nilikupigia simu mara nyingi baada ya hapo. Tulizungumza mvua, bei ya mbolea, masomo ya Neema. Kila mara nilijiambia leo nitamwomba msamaha, na kila mara niliona jambo lenyewe ni dogo mno, kadi tu, litamwaibisha bure. Nikasema nitamleta tena, tutalimaliza hapohapo Slussen. Miezi saba ikapita hivyo. Kisha simu ikaja ambayo haikuwa yako.

Sasa nikueleze usiyoyajua, yaliyotokea nyumbani kwako siku ya mazishi. Watu walikuwa wanakula. Jirani yako Mzee Wafula alinijia na sahani yake, akaketi karibu nami na Neema, akanipa pole. Kisha akaanza kunishukuru. Alisema tangu urudi hapakukalika kwa habari za Stockholm. Akavitaja vituo, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio wake, kama vilivyo kwenye ramani ya dirishani kwangu: Kista, Hallonbergen, Näckrosen, mpaka katikati ya mji. Alisema wazee wote wa mtaa wanavijua.

"Alituambia ulimnunulia kadi ya mwezi mzima," akasema. "Apande asipande, bei ni moja. Alisema, hebu fikirini, mtu anafunguliwa mji wote, anaingia anatoka kama kwake. Hakuna mtoto wa mtu hapa amefanyia baba yake hivyo."

Maneno yangu, Baba. Yaleyale niliyokurushia uwanjani, uliyabeba hadi Nakuru ukayageuza sifa yangu.

Mzee Wafula akaendelea. Akasema ulisimama juu ya daraja ukaliona ziwa likiingia baharini, na binti yako kando yako, Jumapili, jua likiwaka. Akaniuliza kama ni kweli kuna mahali pa namna hiyo, maana wengine walidhani mzee anaongeza chumvi. Neema alikuwa ameacha kula. Yeye ndiye aliyeniambia habari za benchi. Alinitazama usoni kusubiri nitasema nini.

Nikasema, "Ni kweli, Mzee. Tulikuwa wote wawili."

Neema alisubiri mpaka tulipokuwa ndani ya ndege. Ndipo akaniuliza kwa sauti ndogo, "Varför sa du så, mamma?" Kwa nini ulisema hivyo. Nilijifanya nimelala. Sijamjibu mpaka leo, na labda barua hii ni yake pia, akikua. Nilisema hivyo kwa sababu wewe ulikuwa umeshanitunzia heshima yangu mtaa mzima, na nilikuwa nimechelewa kufanya lolote isipokuwa kutokivunja tena kile ulichonipa.

Yule mwenzangu wa kazini nilimrudia. Nilimwambia hesabu ya mwezi mmoja ni ileile niliyomtajia, lakini dada yake akifika akae naye chini, amweleze kadi polepole, kisha wapande treni pamoja siku ya kwanza mpaka mwisho wa njia. Akaona namchosha.

Kadi yako ninayo bado. Haifungui lango lolote. Jumapili iliyopita nilikataa zamu, nikamchukua Neema tukaenda Slussen. Tulisimama darajani kwenye upepo, nikamuuliza mtu aliyevaa sare anayefanya kazi pale lile swali lako. Chumvi haipandi, Baba. Ziwa liko juu kidogo kuliko bahari, ndiyo maana maji hushuka upande mmoja. Alinijibu kwa muda mfupi tu, akitabasamu. Ningeweza kumpigia mtu simu siku ileile uliponiuliza, nikakujibu kabla hujafikiria kupanda ndege, au nikakujibu ukiwa hapa umevaa koti lako.

Pumzika salama. Nisamehe kwa lile la uwanjani, na asante kwa kadi.

Ni mimi binti yako, uliyemwita mama.