Neno Moja la Baba

Addis Ababa,
9 Septemba 1985

Kwa mdogo wangu Limi,

Huu ni mwaka wa kumi na tisa tangu nipande gari la moshi pale Shinyanga. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mimi ni mzima, isipokuwa magoti, ambayo hayaupendi ubaridi wa huku. Wewe je, na wanao, na kazi ya wodini Kolandoto?

Barua yako ya msiba ilifika juma lililopita. Unasema waliochimba kaburi la Baba walikuwa wanne tu, na kwamba jirani yetu Mbuke alipita njiani akipaza sauti: "Mwiteni Mzungu wake aje amzike!" Unaniomba nije niwaeleze watu kwa nini Baba aliuza kilima chetu cha Geita, kwa kuwa siku ile mkalimani nilikuwa mimi.

Kazi yangu ni ileile. Majuzi wageni kutoka Ulaya waliwasomea mawaziri wetu wa Afrika masharti yao. Waziri mmoja akajibu, kwa adabu zetu, kwamba wamesikia. Jioni ikatoka karatasi: Afrika imekubali. Yule waziri akaniuliza amekubali saa ngapi. Kesho yake aliandika kukanusha.

Baba hakupata hiyo kesho. Limi, Baba hakuuza kitu. Wale Wazungu waliotaka dhahabu ya kilima walipomaliza kusema, alijibu kwa Kisukuma neno moja tu: tumesikia. Unajua kwetu mgeni haambiwi hapana siku anayofika. Huambiwa tumesikia, akapewa maziwa, na wazee wakakaa peke yao kutafuta jibu. Mimi nikawageukia wageni nikasema kwa Kiingereza kwamba amekubali. Wakaandika jina lake, naye akaweka dole gumba, kwa maana nilimwambia karatasi ile ni ya mahudhurio.

Sikukosea. Mkubwa wao alikuwa ameniahidi masomo ng'ambo endapo mambo yangeisha siku ileile. Yakaisha. Uzio ulipopigwa, mimi nilikuwa darasani, ng'ambo. Baba alimwomba mtu aniandikie kuniuliza Wazungu walisikia nini. Sikumjibu.

Wasomee watu barua hii yote, Mbuke akae mbele. Usiruke mstari.

Wasalimie wanao, na wale wanne waliochimba uwashukuru kwa majina yao. Nauli ninayo, likizo ninayo. Sitarudi.

Kaka yako,
Valerian Mihayo